Marehemu Anapokea Simu

Jumapili baada ya misa ya pili, Veneranda alichemsha maji, akayapooza kwenye beseni, akaanza kumsugua mumewe udongo kwenye kucha. Hyasinti alikuwa amezikwa tangu Kwaresima ya mwaka jana, upande wa chini wa nyumba, pale mibuni inapoishia. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akaacha mikono ioshwe kama mtu aliyetoka kupalilia. Mdogo wake, Cletus, alimfunga vifungo vya shati, kisha akamgeuza kidogo ili shavu lililobonyea lisionekane kwenye simu.

"Tabasamu, kaka," alisema. "Mtoto asishtuke."

Mtoto ni Wilfred, aliyekuwa China akisomea Kichina na utamaduni wa huko. Katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyewahi kupanda ndege. Hyasinti alipofariki, wazee walikutana Kigonsera wakaamua asiambiwe. Akiambiwa atarudi, akirudi atapoteza nafasi, na kampuni za makaa ya mawe zinazotafuta wakalimani hazitamsubiri. Lakini Wilfred alikuwa na desturi ya kupiga kila Jumapili na kumtaka baba. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, Cletus aliteremka kaburini simu ikiita mkononi, akainama, akasema, "Kaka, mwanao huyu." Hyasinti akatoka. Alichelewa kidogo, kwa sababu mvua ilikuwa imeushindilia udongo.

Majirani walizoea. Mansuetus, wa shamba la pili, humsalimia akipita, na siku moja alimuuliza panga alilomwazima aliliweka wapi. Padri alipokuja kubariki nyumba alishauri tu asikalishwe juani.

Simu iliita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Sauti yake ilikuwa imekauka. Cletus alidakia kwamba ni kifua, baridi ya huku si anaijua. Wilfred akasimulia kuwa wiki hiyo Wachina walikuwa na sikukuu ya kusafisha makaburi. Watu husafiri mbali kwenda kung'oa majani, kufagia na kuwawekea wazee wao matunda. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi wa kigeni aandike ya kwao.

"Baba, sisi Wamatengo wafu wetu tunawafanyia nini?"

Hyasinti alimtazama mdogo wake. Cletus akatazama mibuni.

"Tunawaacha walale," alisema Hyasinti.

"Basi?"

"Basi. Hawataki kingine."

Wilfred alicheka, akasema hiyo ni fupi mno kwa insha.

Walipomaliza, Veneranda alimsindikiza mumewe hadi chini. Alimwona akiingia kwa tabu, bega moja likigoma kushuka.

"Mama Wilfred, nimechoka," alisema. "Usingizi ukianza tu kunishika, naitwa."

Jumapili iliyofuata Veneranda hakuchemsha maji. Simu ilipoita aliichukua mkononi mwa Cletus, akaenda nayo nyuma ya jiko.

"Wilfred, mwanangu, baba yako alikufa. Tulikuficha."

Upande wa pili watu walikuwa wakiongea Kichina. Mlango ulifungwa.

"Najua, mama. Mwaka jana nilimwona funza shavuni. Nililia, nikamaliza."

"Basi tumwache apumzike. Uwe unaongea na mimi."

"Mama, utafiti wangu ni juu ya wafu, wa kwao na wa kwetu. Profesa ameisikia sauti ya baba, amefurahi sana. Ndiyo maana nimepewa nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamili. Ni miaka michache tu."

"Amechoka, Wilfred."

"Sote tumechoka, mama. Mwite, tafadhali. Profesa yuko hapa anasubiri."

Veneranda alisimama na simu sikioni. Angeweza kuikata. Lakini tangu Wilfred aondoke hajawahi kupiga akamtaka yeye, na aliogopa kwamba bila baba hatapiga tena kabisa. Akateremka kwenye mibuni, akapiga magoti, akamwita. Hyasinti aliitambua sauti ya mkewe. Cletus ndiye aliyekuwa akija siku zote.

"Hata wewe?" aliuliza kutoka chini.

"Toka, baba Wilfred. Wanasubiri."

Akatoka.

Baada ya mavuno ya kahawa ukoo ulichanga saruji ya kulijengea kaburi na kusimamisha msalaba. Cletus aliuliza kaka atatokaje likishafunikwa, na wazee wakaona ana akili. Fundi akajenga ngazi badala yake, yenye bomba la kushikilia upande wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto wa Hyasinti ulikuwa umeshabaki chini. Veneranda aliteka maji ya kuchanganyia zege. Ngazi ilipokauka, Hyasinti alipanda Jumapili iliyofuata bila kuvutwa na mtu, na Mansuetus, aliyekuwa akipita, alisimama kuisifu kazi ya fundi.