Saa ya Kumuuliza Walter

Mimi si mtu wa hila. Hapa Kaloleni kila mtu anajua Nekesa akiwa na neno analisema, na linasikika hadi kwenye bomba la maji. Lakini lilikuwepo neno moja nililoshindwa kulisema kwa miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nimpangie njama mwanamume wangu akiwa amelala.

Walter na mimi tulianza kukaa pamoja tu, kama wengi. Watoto wakaja, wa kwanza Frankline, na kanisani hatukuwahi kwenda kubarikiwa. Bila cheti cha ndoa huvai kitambaa cha buluu cha Chama cha Akina Mama. Kwa hiyo kila Jumapili ya akina mama mimi naketi nyuma kabisa, na mwenyekiti wao Lenah, ambaye hata kwa mdogo wangu ni mtoto, husimama na kumkaribisha "mgeni wetu Nekesa". Mgeni, na vitambaa vyote hivyo nimevishona mimi kwa cherehani yangu. Iliniuma, sitaficha.

Sasa, kwetu mwanamke haombi kuolewa. Anadokeza. Nilidokeza hadi nikachoka. Niliacha kadi za harusi za watu mezani, nikaimba nyimbo za bibi harusi nikipika ugali, na Walter alishusha pumzi tu na kuomba chumvi.

Ndipo akaja Annah, binti ya dada yangu, anayesomea saikolojia chuoni. Analala kwenye kochi letu. Mwalimu wake alimtuma achunguze usingizi wa mtu mmoja kwa wiki mbili, na Walter alimfaa kabisa, maana anaoka mikate usiku kwenye kiwanda kule Industrial Area. Anarudi alfajiri, anapeleka watoto shule, na ikifika saa tatu kamili asubuhi analala mchana wote. Basi Annah akaweka kigoda kando ya kitanda, daftari kwenye magoti, akawa anamtazama mjomba wake kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Alinieleza kwamba usingizi hauendi moja kwa moja. Unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika tisini. Unaanza mwepesi, unazama ukawa mzito, halafu unapanda hadi ule wa ndoto, ambapo macho yanachezacheza chini ya kope, kisha mzunguko unaanza upya. Mtu ukimwamsha mwisho wa mzunguko anaamka na akili zake. Ukimgusa akiwa kwenye ule mzito, kichwa chake kinabaki kitandani.

"Anti, hapo kwa deep ako tu hivi hivi," akasema. "Unamuuliza kitu yoyote anasema sawa, na akiamka hakumbuki."

Sikuamini, kwa hiyo tulijaribu. Saa tatu na nusu nilimtikisa Walter nikamuuliza kama tunaweza kufuga mbuzi bafuni. Akasema sawa. Annah akamuuliza kama anakubali Lenah awe mwenyekiti wa nyumba yetu. Sawa. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta, na nikiwa bado nimeushika, wazo likaniingia.

Nilimwalika Mwinjilisti Wanyonyi wa kanisa letu siku ya Jumanne, saa tatu na nusu. Nilimwambia Walter yuko tayari kwa ndoa takatifu ila ana haya, na huongea vizuri zaidi akiwa amejilaza. Mzee aulize, Walter aseme sawa, aandike majina yetu kwenye kitabu chake cha ndoa, basi. Neno la mwanamume mbele ya mtumishi wa Mungu halirudi nyuma, na mimi sitakuwa nimeomba kitu.

Mzee alifika dakika ile ile. Walter alikuwa amezama, mdomo wazi. Annah akanikonyeza. Lakini mgeni humpi kazi koo likiwa kavu, kwa hiyo tukampa chai, na ya pili, na mandazi. Kisha akasimama na kusema hatuwezi kuanza jambo bila maombi. Nani angemkataza? Tukafumba macho.

Aliombea nyumba. Aliombea kitanda, cherehani, mtihani wa Frankline, masomo ya Annah, majirani wa kushoto na wa kulia, na oveni za kiwanda kila moja. Nilimsikia Annah akihema kwa wasiwasi, maana macho yake yalipaswa kuwa kwenye macho ya Walter. Mzee akashuka hadi kwa mababu wa Walter, akapanda tena. Mwishowe akafika kwenye amina, na sauti nne zikaisema pamoja.

Tulikuwa watu watatu tuliosimama. Wa nne alikuwa ameketi kitandani, shuka kifuani, macho mangavu kabisa. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Walter," mzee akasema, "nimeambiwa una neno kuhusu ndoa."

Walter akanitazama. Aibu ilinipanda, kisha hasira ikaipita, na lile neno la miaka kumi na mmoja likatoka lenyewe. Nikamuuliza mbele ya watu kwa nini hataki kunioa kanisani.

"Mama Frankline," akasema polepole, "nimekuuliza mara tatu. Ya kwanza ukaniambia nikaoge. Nikaoga, kurudi unakoroma. Ya pili ukasema nimuulize mama yangu. Ya tatu ukasema nimwoe Lenah. Nikaona hunitaki, nikanyamaza."

Nilimwambia ni mwongo. Annah akainua mkono kama yuko darasani, akamuuliza alikuwa ananiuliza saa ngapi.

"Nikitoka kazini. Saa kumi na moja alfajiri. Saa gani nyingine nampata?"

"Anti," Annah akasema, akiwa ameinamia daftari, "ya Lenah nilisikia nikiwa kwa kochi. Nilidhani mmekosana."

Nikaketi chini. Watu wawili wazima, tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mmoja, lakini kwa zamu. Nililia, na nililia nikicheka, na Walter akateremka na shuka lake akaja kuketi sakafuni karibu nami.

Akaniuliza tena, polepole, akinitazama usoni kuhakikisha niko macho. Nilimjibu kwa sauti iliyofika kwenye bomba la maji.

Mwinjilisti akafungua kitabu chake. Akasema nafasi iliyobaki ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Walter akakuna kichwa, akasema saa hiyo yeye huwa yuko kwenye ule usingizi mzito.

Mzee akaweka kalamu chini na kusema basi jambo hilo lazima tuliombee.