Dripu ya Alhamisi

Bosi alikuwa na miaka minne na kilo kumi na moja. Jina hilo alipewa na wauguzi wa wodi, maana kila aliyeingia kumchoma sindano, yeye alimuuliza kwanza, "Umenawa?" Asiyenawa alifukuzwa kwa kidole kidogo kilichonyooshwa mlangoni. Mama yake naye akawa Mama Bosi, akaitika, jina likamkaa.

Mama Bosi alikuwa fundi cherehani. Shule aliishia darasa la saba, na mambo ya hospitali aliyapitisha kwanza kwenye cherehani ndipo yamwingie kichwani. Siku daktari alipomweleza ugonjwa, alimwonyesha kwa kidole kwenye kifua chake mwenyewe.

"Hapa, nyuma ya mfupa, kuna tezi. Ndipo askari wa mwili wanapofunzwa kazi. Askari wa Bosi wanaingia hapo lakini hawahitimu, kwa sababu wamezaliwa na jeni moja mbovu."

"Kama karatasi ya kukatia iliyochorwa vibaya," Mama Bosi akasema. "Ukate nguo mia, zote zitatoka mbovu."

"Umenielewa kuliko wanafunzi wangu. Sasa sisi tutapeleka karatasi nzima, mle mle ndani ya tezi."

"Ataipeleka nani?"

"Kirusi."

Mama Bosi alishika kiti. "Daktari, mtoto wangu mafua yenyewe yanataka kumwua, wewe unamletea kirusi?"

Daktari alicheka, lakini taratibu, bila dharau. Akamweleza kwamba kirusi hicho kimetolewa kila cha kuumiza, kimebaki mbebaji tu, na mzigo wake ni ile jeni. Kingechomwa kwa sindano kupitia kifuani. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, kuna mambo mawili. La kwanza, nafasi ni moja. Mwili ukishakutana na hiki kirusi unakikariri. Ukikileta mara ya pili, unakimaliza kabla hakijafika. La pili, ile dripu ya kinga anayotundikiwa kila mwezi tunaisimamisha. Ile imekusanywa kwenye damu za watu maelfu, na wengi wao walishakutana na kirusi hiki utotoni bila kujua. Nikimchoma huku kinga zao zimo mwilini mwake, mzigo utanyang'anywa njiani."

Basi dripu ikasimama, miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ilimnyoosha Mama Bosi. Alichemsha vijiko, alichemsha midoli, wateja walipimwa nguo nje ya dirisha. Mume wake alikuwa safarini na lori, na hata aliporudi alikaa kibarazani siku mbili kwanza, kama mgeni. Jumatatu moja damu ya Bosi ikapimwa. Safi, kinga za watu zimeisha. Sindano ikapangwa Jumatatu inayofuata.

Jumatano Bosi akakohoa.

Alhamisi asubuhi kipimajoto kilisoma thelathini na nane na nusu. Namba ya wodi ilikuwa imebandikwa palepale kwenye cherehani, usoni pake. Mama Bosi aliitazama hiyo namba. Akipiga, watasema mtoto ana homa, nafasi apewe mwingine, na huyo mwingine naye ana mama. Hakupiga. Alimpigia wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa mumewe, muuguzi kwenye hospitali ndogo ya binafsi, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa sindano. Alifika, akanawa mpaka viwiko, akamgusa mtoto shingoni.

"Wifi, mbona unanitazama hivyo? Homa sikuileta mimi."

"Nakutazama kwa sababu sina mwingine wa kumtazama."

"Mtoto hana kinga hata chembe. Kule kwetu kuna chupa mbili za kinga, mgonjwa wake alihamishwa. Namtundikia leo, kesho anakaa sawa."

"Daktari kakataza."

"Kakataza kabla ya kipimo! Damu wameshapima, imepita. Mtihani umeisha, wifi. Nani anakagua daftari baada ya matokeo kutoka?"

Akina mama wenzangu, hapa ndipo pa kusimama. Maneno yale yalikuwa na sura ya akili. Kipimo kimepita, kwa hiyo katazo limepita; mtu mwenye hofu huona hivyo na kupumua. Mama Bosi alipumua. Dripu ikatundikwa kwenye msumari wa tepu ya kupimia, ikadondoka matone mpaka alasiri.

Jumamosi homa ilishuka. Bosi alianza kuamrisha watu.

Jumapili walilazwa. Muuguzi mwenye fomu aliuliza bila kuinua macho, "Homa wiki hii?"

"Hakuna."

"Dawa yoyote?"

"Hakuna."

"Dripu?"

"Hakuna."

Yalitoka mepesi, kama mtu anayehesabu vifungo.

Jumatatu asubuhi Bosi alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa kofia ya kijani iliyomfika nyusini. Mfamasia alipita na kisanduku kinachofuka baridi. Daktari akaja nyuma yake, uso umechangamka.

"Bosi, mgeni wako ametolewa kwenye barafu. Sasa anayeyuka."

"Amenawa?" Bosi akauliza.

Korido nzima ilicheka, hata msukuma kitanda. "Amenawa," daktari akasema, "na njia ni nyeupe. Tumepima, hakuna wa kumkamata."

Tumepima. Neno hilo lilimwingia Mama Bosi kama sindano chini ya ukucha. Alimkumbuka mteja mmoja aliyepimwa gauni la harusi, akapata mimba, akarudi miezi minne baadaye kulalamika kwamba fundi hajui kupima. Mama Bosi alimwambia, "Dada, vipimo vilikuwa vya mwili wa siku ile." Alimwambia hivyo kwa mdomo wake. Na damu ya Jumatatu ilikuwa damu ya Jumatatu. Tangu Alhamisi mlikuwa na watu maelfu mle ndani.

Kitanda kilianza kusukumwa. Akadaka chuma chake.

"Mama, mwachie, tunachelewa."

"Alitundikiwa dripu."

"Dripu gani?"

"Ya kinga. Alhamisi. Alikuwa na homa, nikaficha. Jana niliwadanganya."

Hakuna aliyecheka tena. Daktari alishusha barakoa.

"Nani alimtundikia?"

"Mimi ndiye mama yake. Niandike mimi."

"Dawa hii ingeingia," daktari akasema polepole, "ingekufa yote kabla haijafanya kazi. Na tusingeweza kurudia. Kamwe."

"Sasa si muirudishe kwenye barafu?"

"Ikishayeyuka hairudi. Itateketezwa." Akapangusa uso. "Chupa nyingine ni miezi sita, ikipatikana. Na dripu ya kinga lazima iishe tena mwilini. Itabidi mtoto akae bila kinga tena."

"Atafika?"

Daktari akasema, "Ungenipigia Alhamisi, tungeahirisha kwa wiki mbili tu. Chupa ingebaki kwenye barafu ikimsubiri."

Kisanduku kilirudishwa, sasa hakifuki. Bosi alikisindikiza kwa macho kutoka chini ya kofia yake.

"Mama, mbona mgeni anaondoka? Hakunawa?"

"Alinawa, mwanangu. Ni mimi sikunawa."

Wifi alipiga simu jioni, analia, anauliza kama ametajwa. "Hukutajwa," Mama Bosi akamjibu. "Ila usiguse tena mkono wa mtoto wangu mpaka daktari aseme."

Siku ya tisa nyumbani, Bosi alipiga chafya. Moja tu. Mama Bosi aliacha kitambaa chini ya sindano, mguu ukiwa bado kwenye pedali, akapiga ile namba.

"Ni mimi," akasema. "Ni chafya tu. Lakini nasema."