Mtu wa Saba wa Katalina

Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto wa Mzee Matano, pahala palipokwaruzwa na ukanda wa champali, na boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha likafika Mtongwe juma hilo hilo. Ndiyo maana Mwanatabu hakuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Kila alipokumbuka kimoja, cha pili kilikuwa kimeshapiga hodi.

Boksi lilitumwa na binti yao Jalila, anayefanya kazi Doha. Mumewe Mwanatabu, Mzee Matano, alikuwa akiitamani ndege hiyo tangu siku alipoiona picha yake kwenye simu ya mjukuu wao Swabra. Katalina, ndege ya maji ya wakati wa vita, iliyokuwa ikienda doria kupeleleza nyambizi za adui. Babake Matano, marehemu Nguma, alikuwa kibarua wa Wazungu ng'ambo ile ya Kipevu, na kazi yake ilikuwa kushika kamba ya kuifungia ndege ikirudi. Wanaume saba walikuwa wakiingia, naye akiwahesabu, wakitoka akiwahesabu tena. Siku moja alihesabu saba wakaingia, ndege ikaruka, akakaa na kamba mkononi siku tatu. Hakurudi hata mmoja. Kamba ile aliiweka chini ya kitanda mpaka akafa.

Basi Matano alitandika gazeti juu ya meza ya dirishani, pale ambapo ukiinua macho waiona Kipevu ng'ambo ya maji, akaanza. Vipande vilikuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, vingine vidogo kama punje ya mtama. Alivikata kwa wembe, akavisugua kwa msasa, akavishika kwa kibanio cha nyusi cha Swabra, na gundi akaitia kwa ncha ya sindano. Mwanatabu alipenda kumtazama. Yeye mwenyewe ni mshona kofia za viua, miaka arubaini sasa, na kazi ya vidole aijua. Kofia moja humla miezi miwili.

Daktari wa kliniki alikiona kidole, akaangalia na sukari, akasema kikatwe kabla ya mwezi kwisha. Matano hakubisha. Alisema tu kwamba ndege haiwezi kuachwa na bawa moja, ikiisha atakwenda. Mwanatabu akaridhia, maana kazi iliyoanzwa yeye huiheshimu. Hilo ndilo kosa lake, na baadaye hakumsingizia mtu mwingine.

Akawa anamsaidia ili iishe upesi. Alimsugulia mabawa. Alimchanganyia rangi kwenye vifuniko vya chupa, mgongo rangi ya bahari na tumbo jeupe. Ubavuni ndege ilikuwa na mapovu mawili ya kioo, pahala pa kukaa watazamaji wa baharini, na hayo Matano aliyapangusa kwa pamba siku nzima. Kila asubuhi Mwanatabu alimfungua bandeji, na kila asubuhi weusi ulikuwa umesogea. Kidole cha pili. Cha tatu. Mzee mwenyewe hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kidonda. Siku hizo ubani ulifukizwa nyumbani asubuhi na jioni, na wala hapakuwa na maulidi.

Mwezi ukapita. Wa pili ukaingia. Wanaume sita wa plastiki walipakwa rangi, kila mmoja urefu wa ukucha, wakakaa vitini. Macho hakuwatia, alisema hataki kuulizwa kesho akhera mbona hakuwapulizia roho. Wa saba akapotea. Matano alisema amemponyoka.

Mwanatabu alifagia chumba, taka zote akazitia kwenye chekecheke. Akachekecha na mchanga wa mlangoni. Siku nne alikuwa akiinama. Swabra alimtania babu yake awaache wawe sita, huyo wa saba lazima feri ya Likoni imemwacha. Matano hakucheka.

"Ndege isiyojaa haiondoki," alisema, akageukia dirisha.

Siku ya tano Mwanatabu aliona heri aitayarishe safari ya hospitali, mtu huyo apatikane asipatikane. Alilitoa kopo la kofia ya Idi, ili aitie wanga mumewe avae aende kwa heshima. Alipoikung'uta, kitu kikadondoka mapajani. Alikiokota akakipeleka mwangani. Mtu wa saba. Amepakwa rangi vizuri kuliko wenziwe, na kidevuni ametiwa ndevu nyeupe.

Alikaa nacho kiganjani mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha. Kisha akaenda dirishani.

"Baba Jalila, huyu nimemkuta kofiani."

"Ungemwacha."

"Umemtia ndevu zako."

Matano aliipapasa ndege bawani. "Huyo akiketi, Mwanatabu, imejaa. Ikijaa huondoka. Baba yangu aliwahesabu saba."

Mwanatabu aliutazama mguu ulioegeshwa kwenye kigoda. Juu ya bandeji, mstari mwekundu ulikuwa unapanda ugokoni, jana haukuwako.

"Na mguu huu," alisema, "wamngojea nani?"

Basi alichukua sindano, akatia tone la gundi, akamketisha mtu wa saba yeye mwenyewe. Mumewe hakuuzuia mkono wake. Alisema moja tu: "Basi ifunge kamba. Usiiache hivi hivi bila kamba."

Mwanatabu akasema ataifunga. Lakini Swabra alikuwa keshaita tuktuk, iko mlangoni inanguruma, na mzee alikuwa anatetemeka kwa homa.

Hospitalini daktari kijana aliuliza kidonda kilianza lini. Mwanatabu alimtajia siku yenyewe. Daktari akasema mwezi wa kwanza ule kingekatwa kidole tu. Sasa ni juu ya goti, tena leo hii, na waombe Mungu sumu isiwe imeingia damuni. Matano alitia dole gumba kwenye karatasi. Swabra akabaki naye, na nyanyake akavuka feri kurudi kuchukua shuka na thamosi.

Jua lilikuwa linakaribia kuchwa alipofungua mlango. Ndege ilikuwa pale pale mezani, pua yake imeelekea maji, watu saba wasio na macho wamekaa. Akaenda kwenye kikapu chake, akakata uzi mweupe wa kofia, urefu wa mkono mzima, akaukunja mara mbili. Ndipo simu ikalia.

"Nyanya, wamemtoa chumba cha upasuaji," alisema Swabra. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hawajasema kitu, wamemtia mashine ya kupima moyo. Alifumbua macho kidogo tu. Auliza kamba umeifunga?"

Mwanatabu aliutazama uzi mkononi mwake.

"Mwambie nimeshaifunga," alisema. Akaiweka simu mezani bila kuikata, akainama, akaanza kutafuta kwenye ndege ile pahala pa kutia fundo.