Sindano ya Alefiya

Leticia alikuwa akiingia nyumbani kwa Bi Gulzar, pale Ngamiani, mjini Tanga, kama fundi wa hina. Kikapu mkononi, kanga begani, na juu ya kikapu bakuli la hina iliyokandwa kwa ndimu, harufu yake ikimtangulia hadi barazani. Chini ya bakuli, ndani ya kitambaa cheupe, ndimo ilimokaa sindano ya Alefiya.

Hivyo ndivyo walivyopatana. Alefiya, binti mkubwa wa Bi Gulzar, alikuwa na maradhi ya kusikia sauti. Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha, akakaa dukani na baba yake, Zainuddin, akiwapimia wateja misumari na kutaniana nao. Ikichelewa, aligombana na ukuta, na baba yake alimfungia chumba cha uani. Majirani wakaambiwa ana kipandauso. Mdogo wake alikuwa ameposwa, na posa haipendi kusikia habari za wazimu. Kwa hiyo Leticia alimpaka hina kwanza, kidole kwa kidole, wakipiga soga, kisha komeo likatiwa mlangoni ndipo akamdunga.

Leticia mwenyewe hakuwa na ajira. Mama yake alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda ili binti asomee uuguzi wa wagonjwa wa akili. Tangu amalize chuo alikuwa akijitolea zahanati, na nauli akipewa leo, kesho hapewi. Alipoitwa Dodoma kwenye usaili, mama yake alipiga magoti palepale jikoni akashukuru. Lakini wiki ya usaili ndiyo ilikuwa wiki ya sindano, na mwanamke mwingine wa kazi ile pale zahanati hakuwapo. Alikuwapo Kristofa, muuguzi mwenzake.

"Ubebe kikapu," Leticia alimwambia.

"Mimi na ndevu hizi nipake watu hina? Dada, si watanipiga mawe!"

"Basi vaa nguo za nyumbani, upite mlango wa uani. Usimuulize mtu."

"Nenda kapate kazi. Hii niachie mimi."

Huko Dodoma watu walijaa ukumbi wakamwagikia uwanjani, wote wanataka nafasi chache zile. Dada mmoja wa Pangani, Chiku, alikaa chini akijipepea kwa bahasha. "Tumekuja kutafuta kazi ya kutibu vichaa," alisema, "tutarudi makwetu wagonjwa sisi."

Leticia alipoulizwa uzoefu wake, alisimulia habari ya hina. Msaili mmoja akatabasamu. "Binti, tunauliza uzoefu wa kazini."

Leticia aliporudi Tanga, Kristofa alimsimulia bila kumtazama usoni. Siku ya sindano alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, na koti jeupe la hospitali mwilini. Vichochoro vya Ngamiani vikamchanganya, akawauliza wanawake waliokaa barazani: "Kwa yule binti mgonjwa wa akili ni wapi?" Wanawake wale walikuwa wakwe watarajiwa, wameleta mahari ya mdogo mtu.

Leticia alikimbia. Bi Gulzar alimfungulia mlango nusu.

"Shikamoo, Bi Gulzar."

"Marahaba, mwanangu. Posa imevunjika."

"Nimekosa, mama yangu. Mimi ndiye niliyemtuma. Lakini Alefiya hajadungwa, na siku zimepita. Niruhusu nimwone tu."

"Baba yake kaapa. Hataki tena mtu wa hospitali hapa, awe na koti au kanga." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na ile kazi ya Dodoma?"

"Wamechukua wengine."

Bi Gulzar alimshika mkono, akaubana kwa nguvu, akauachia. "Mimi nakupenda, Leticia. Usije tena."

Mlango ukafungwa. Leticia alizunguka uani. Dirisha la chumba anamofungiwa Alefiya lilikuwa likitiwa nondo. Fundi wa kuchomelea amechuchumaa, na Zainuddin kasimama nyuma yake, mikono mifukoni. Kutoka ndani Alefiya alikuwa akibishana na mtu asiyekuwapo, sauti imekauka.

"Alefiya! Ni mimi, Leticia!"

Mabishano yalikatika kidogo. Kisha yakaendelea.

"Mzee Zainuddin, nakuomba. Sindano moja tu."

Zainuddin hakugeuka. "Malizia na huku chini," alimwambia fundi, akionesha kwa kidole.

Fundi akashusha miwani yake myeusi. "Dada, sogea. Cheche zitakuumiza macho."

Leticia akasogea.