Kivuli Juu ya Mashati ya Dobi

"Mshushe mumeo, jirani! Mashati ya watu hayakauki!"

"Nimshushe vipi? Nimtungue kwa manati?"

Dobi na mshonaji walikuwa wakitupiana maneno uani tangu chai ya asubuhi, na majirani wamejaa madirishani kama waliokatiwa tiketi. Juu yao alielea mume wa mshonaji, fundi rangi kwa kazi, mguu umefungwa kwenye kamba ya nguo. Kivuli chake kilitua barabara juu ya mashati.

"Samahani, jirani," alisema kutoka juu. "Upepo ndio unaonisukuma huku."

Kila hospitali ya mtaa ilipochunguza utumbo mpana wa mtu kwa kamera, ilipuliza hewa ili njia ifunguke, na hewa ikikaidi kutoka, mgonjwa alipaa. Fundi rangi alipaa kamera ikiwa katikati ya safari. Kwa hiyo damu aliyokuwa akiiona chooni haikujulikana inatoka wapi, na hilo ndilo lililomnyima mkewe usingizi. Dobi alimnyima uvumilivu tu.

Mshonaji alikwenda kwa daktari, akimvuta mumewe kwa kamba.

"Dawa yake ni maji, mama," alisema daktari. "Maji ya uvuguvugu badala ya hewa. Utumbo haututumki, maumivu yanapungua, uchafu unaoshwa, kamera inaona. Sote tumefundishwa. Hata pampu ipo."

"Ipo wapi?"

Daktari alionyesha dirishani. Nje, mkurugenzi wa hospitali alikuwa akioshewa gari kwa pampu hiyo na maji ya wodi.

Mshonaji alirudi, akameza kiburi, akagonga kwa dobi. "Jirani, unalitaka jua lako?"

Dobi, aliyekuwa na maji kuliko hospitali nzima, alibeba madumu hadi wodini, akinung'unika njia nzima. Muuguzi aliyachemsha na kuyapoza. Dobi alimkandamiza mgonjwa kitandani, hewa ya zamani ikatoka kwa kishindo, na fundi rangi akaomba radhi kwa wote waliokuwepo. Kisha daktari aliyapitisha maji polepole kwa bomba la sindano, huku akiyafyonza tena. Safari hii mgonjwa alitulia kama gunia. Kwenye kona ya mwisho kikaonekana kinyama kilichoota, chenye ukubwa wa harage, kikakatwa.

"Damu ilikuwa inatoka hapa. Kingekaa, tungeongea lugha nyingine, ya saratani," alisema daktari.

Fundi rangi alirudi nyumbani kwa miguu, akikanyaga chini kwa nguvu ili watu wasikie.

Mkurugenzi aliwapongeza wafanyakazi kwa kubana matumizi ya maji, akaleta na gari la mkewe lioshwe.

Kesho yake dobi alianika, akakaa kivulini, kisha akagundua kwamba uani kwake hakuna mti. Mwalimu mstaafu alikuwa akipita angani na gauni la hospitali, kamba ikining'inia. Dobi aliidaka kwa upondo wa kuanikia.

"Na huyu je, wa nani?"

Mshonaji alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Umekula?"

"Marahaba. Tangu juzi sijala, mwanangu. Walitaka tumbo tupu."

"Jirani, mfunge kwenye mguu wa meza, nawe unawe mikono. Karibuni ndani, chakula kinapoa."