Zamu ya Mwalimu Hulda

Eldoret ukikosa usingizi, utaambiwa ukimbie. Ukikosana na bibi yako, ukimbie. Kwa hivyo Chebet na Mwalimu Hulda walipomaliza wa mwisho kwenye jaribio la kwanza pale jimu ya Kapsoya, kocha Edwin hakujisumbua kufikiria. Alimtazama Mwalimu Hulda miguuni, akasema dawa ni mbio.

Mashindano haya ya wawili, kwa asiyeyajua, hufanyiwa ndani. Kapsoya wanayafanyia kwenye ghala lililokuwa la mahindi, na vumbi lake bado linawasha koo. Mnakimbia wawili bega kwa bega kuzunguka humo ghalani, kisha mnakuta kazi: kusukuma kigari cha chuma kisicho na magurudumu, kubeba magunia ya mchanga, kurusha mpira mzito ukutani, juu ya mstari uliochorwa. Mbio ni za pamoja, lakini kazi mnagawana. Mmoja anafanya, mwenzake anapumua, mnapokezana mnavyotaka. Halafu mbio tena, kazi tena, hadi ujiulize ni nani alikutuma.

Jimu ilikuwa ipeleke jozi moja ya wanawake Nairobi kushindana, na jozi iliyokuwapo ni hii tu. Edwin alisema wazi kwamba muda usiposhuka kwenye jaribio la pili, Mwalimu atabaki, na Chebet ataenda na Lynette, msichana mwepesi kutoka Yamumbi. Chebet hakuwa na ubaya na Lynette. Lakini tangu Mzee Opondo azikwe kwao Siaya, mjane wake Hulda alikuwa amejifungia nyumbani, mapazia yamefungwa mchana kutwa, simu hashiki. Ni Chebet, aliyefundishwa naye shule ya msingi, aliyembembeleza mpaka akavaa raba na kutoka. Sasa mama wa watu alikuwa anacheka tena. Akiambiwa hafai, atarudi nyuma ya yale mapazia, na safari hii hatatoka. Hilo ndilo lililomnyima Chebet raha.

Basi wakakimbia. Wacha tu, walikimbia. Edwin aliwapeleka mpaka Timboroa, kwenye baridi ya kukata masikio, Mwalimu na miaka yake hamsini na kitu akipanda mlima huku anamwita Mungu kwa Kijaluo. Miguu ikakubali. Kila mtu aliona alivyobadilika. Wakarudi ghalani kujipima, saa ikasema yaleyale ya zamani. Edwin akakuna kichwa, kwa sababu dawa aliyoijua yeye ilikuwa hiyo moja.

Lynette ndiye aliyewarekodi kwa simu, wala hakuwa na nia mbaya. Walipokusanyika kutazama, wakamwona Mwalimu kwenye kigari, nacho kigari kimegoma kabisa. Na kando yake Chebet, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, kama mtoto aliyetumwa ofisini akamkuta mwalimu kwenye simu. Anangoja. Mwalimu hasemi kitu kwa kiburi, Chebet hasemi kitu kwa adabu, na saa inakwenda. Kwenye magunia, vilevile. Kwenye mpira, vilevile. Watu walicheka wakashika mbavu, na Chebet akatamani ardhi immeze.

Mwalimu Hulda hakucheka. Alimvuta Chebet pembeni akamuuliza mbona hamwambii atoke.

"Nitakuambiaje utoke, Mwalimu?"

"Kwa mdomo."

Ni rahisi kusema. Chebet alilelewa kwamba mkubwa wako akishika jembe humnyang'anyi, unangoja akupe. Na huyu ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha kuandika jina lake. Mazoezini alijaribu, haki alijaribu, lakini neno lilikuwa likifika kooni linageuka kuwa "Mwalimu, kama umechoka, tafadhali." Mwalimu naye anajibu hajachoka. Ebu niambie, ni mwalimu gani atakubali mbele ya mwanafunzi wake kwamba amechoka?

Siku ya jaribio la pili Edwin aliandika ukutani kwa chaki, chini ya saa, muda aliokuwa anautaka. Wakaanza vizuri. Kwenye kigari Chebet alijikaza akamgusa Mwalimu begani, na Mwalimu akasogea. Kwenye magunia pia. Walipofika kwenye kazi ya mwisho, ule mpira, muda wa kutosha ulikuwa umebaki, na hata Edwin alikuwa amesimama wima.

Mwalimu akatangulia. Akarusha vizuri, kisha mikono ikaanza kufa. Mpira ukagonga chini ya mstari, haukuhesabiwa. Akarusha tena, haukuhesabiwa. Chebet akamgusa bega, Mwalimu akalitikisa. Akamwambia, Mwalimu, nipe. Mwalimu akajifanya hasikii, akarusha wa tatu, nao ukaanguka hata mstari haujauona.

Hapo Chebet aliyaona yale mapazia. Hasira ikampanda, hasira ya kweli, ya mtu anayenyang'anywa kitu chake.

"Hulda, toka hapo!"

Mwalimu aligeuka akamtazama, macho yaleyale ya darasani. Chebet angeomba msamaha papo hapo. Lakini Mwalimu alimpa mpira, akasimama kando, akaanza kupumua kama mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi. Chebet akarusha mpaka mabega yakawaka. Mwalimu akamwambia toka, akatoka. Chebet naye akamwambia toka, akatoka. Hakuna tafadhali, hakuna pole. Wakapokezana hivyo mpaka mpira wa mwisho.

Edwin aliangalia saa, akaangalia chaki yake, akaifuta kwa kiganja. Akamwambia Lynette ajaribu mwaka ujao, kisha akawaambia hawa wawili watayarishe mabegi.

Chebet alikuwa amekaa chini, analia. Alianza kuomba msamaha, kwamba hakukusudia, kwamba hata mamake angesikia angemchapa. Mwalimu akakaa chini karibu naye, vumbi na yote, akamshika mkono.

"Tangu Opondo aende, mimi ni mwalimu, mimi ni mama, mimi ni pole mama," alisema. "Aliyekuwa ananiita Hulda ni yeye peke yake."

Mwalimu akajipangusa jasho, au machozi, kwa mkono wa fulana.

"Nairobi uniite hivyo hivyo," akasema. "Na usingoje mpaka nichoke."