Karibuni Ndani Wangu

Kitambaa kilikuwa cheupe kama nilivyoagiza, kirefu kama nilivyoagiza, na yale maua ya kwenye pindo yalikuwa mazuri kuliko nilivyoagiza. Shida ilikuwa maneno. Kwenye karatasi niliyompa fundi niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: KARIBUNI WANDANI WANGU. Kitambaa kilisema, kwa uzi wa bluu uliodariziwa ukakolea: KARIBUNI NDANI WANGU.

Nilisoma mara tatu, kama ninavyosoma kazini. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka tisa nimekaa na kalamu nyekundu mbele ya kurasa za watu ili kosa lisipite kwenda mashineni. Sasa kosa limekuja kunifuata nyumbani, tena limejipamba kwa maua.

"Ndani wangu," mdogo wangu alisoma kwa sauti, amesimama juu ya stuli na pazia mikononi. "Wangu nani? Huyo Ndani ni mtoto wa nani, dada?"

"Ning'iniza pazia."

"Ndilo hili. Halifiki dirishani mpaka chini. Umepima na nini, na macho?"

Nilikuwa nimepima kwa futi, mara mbili. Lakini jana nililifua ili liwe safi, likarudi likawa fupi. Sasa lilikuwa linaishia juu ya kizingiti cha dirisha, na miale ya jua ikapita chini yake kama mtu anayechungulia. Mito minne niliyoijaza mabaki ya vitambaa ilikuwa migumu kama mawe ya kusugulia miguu. Maua kwenye jagi yalikuwa yameinamisha vichwa tangu asubuhi. Saa nane ilishapita, na wageni wangu wangefika saa kumi.

"Kiache hicho kitambaa," mdogo wangu alisema. "Ukuta mtupu una ubaya gani?"

Alijua ubaya wake. Bafu la jirani wa juu huvuja, na katikati ya ukuta wa sebule yangu kuna doa la maji, la kahawia, pana kama sinia. Limepakwa rangi mara mbili, na mara zote mbili limerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli wake. Kitambaa kilipimwa kwa ajili ya doa lile.

Nilimpigia fundi, nikaweka simu mezani ili niendelee kupiga pasi foronya.

"Fundi, niliandika *wandani*."

"Niliona, dada yangu. Nikajua umepitiwa. Ile 'wa' nikaitoa."

"Umeitoa?"

"Sasa wandani ndiyo nini? Mtu hukaribishwa ndani. Nikasema mteja wangu huyu asije akachekwa na wageni wake."

"Wandani ni marafiki wa moyoni, fundi! Ni neno! Limo kwenye kamusi!"

"Basi hiyo kamusi haijawahi kupita dukani kwangu."

"Na 'ndani wangu' ndiyo lugha gani?"

"Hapo hata mimi nilijiuliza," alisema, mpole kama maji ya mtungini. "Lakini sikutaka kuingilia sana kazi ya mtu. Nilikuwa nakusaidia tu."

Nilikata simu. Chini ya pasi foronya ilishaanza kunuka.

Mdogo wangu alishuka kwenye stuli, akaichomoa pasi ukutani. "Mkuki kwa nguruwe..." alianza.

"Usimalizie."

Hakumalizia. Hakuwa na haja. Maneno yale ya fundi niliyajua, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi, hivyohivyo, bila kupunguza hata nukta. Niliyasema mwaka jana, kwenye mazishi ya mama yake Chiriku.

Chiriku ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunagawana dawati moja chuoni. Jina tulimpa kwa sababu ya mdomo, maana akianza kusema hana koma wala nukta. Asubuhi ile ya mazishi alinipa karatasi nimshikie wakati anavaa. Alikuwa ameandika maneno ya kumuaga mama yake, ukurasa mmoja, kwa mkono. Niliikunjua. Kalamu nyekundu ilikuwa mkobani mwangu. Sikukusudia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Alama saba.

Aliposimama mbele ya watu akaifungua karatasi, aliona nyekundu. Aliniangalia. Akaikunja mara nne, akakaa. Mama yake akaingia kaburini bila neno la binti yake. Nilimfuata hadi getini, nikamwambia, "Nilikuwa nakusaidia tu." Tangu siku hiyo hakuniambia neno hata moja, yeye Chiriku, mtu anayeweza kuongea na mlango uliofungwa.

Anayetuunganisha, sisi wawili na rafiki yetu Msusi, ni Mkunga, mkubwa wetu kwa umri, ambaye kweli ni mkunga. Alihangaika miezi na miezi. Jumanne alinipigia.

"Jumamosi saa kumi, kwako. Kakubali."

"Kakubali kuja kwangu?"

"Kakubali kukaa. Kuja na kukaa ni mambo mawili. Sikiliza, mdogo wangu. Kamwambia na Msusi kwamba anakuja mara hii moja tu. Asipoona sababu ya kurudi, harudi. Usiharibu. Mimi nazalisha, sifufui."

Ndiyo maana ya pazia, mito, na maua. Nilitaka akiingia aone kila kitu kimewekwa kwa ajili yake, kila kitu kiko sawa, kusiwe na pa kushika. Hilo ndilo nililoliweza maishani, kuweka vitu sawa. Na siku hiyo hakuna kilichokuwa tayari kuwa sawa.

Nilichukua wembe.

"Dada, hapana," mdogo wangu alisema.

"Nafumua tu. Nikiondoa NDANI na WANGU, itabaki KARIBUNI. Inatosha."

"Una dakika arobaini!"

Nilikata nyuzi tatu za N ya kwanza ya NDANI. Ya nne ilikuja na kitambaa chenyewe, na tundu likaachama, dogo, saizi ya punje ya dengu, mahali ambapo kila jicho lingetua kwanza. Nikautupa wembe mezani na kutukana tusi ambalo halimo kwenye kamusi yoyote. Mdogo wangu alikichukua kitambaa kimyakimya, akapanda stuli, akakibana ukutani kwa pini mbili, moja kila kona ya juu. Doa likafichika. Maneno yakabaki.

"Hodi!"

Saa kumi kasorobo. Msusi hajawahi kuchelewa popote penye chakula. Aliingia na kicheko chake, akavua viatu, akazungusha macho. "Jamani, kumependeza! Ila mbona pazia limevaa kaptura?" Akaukalia mto mmoja, akanyanyuka, akauminya. "Na huu umeutoa machimboni?"

Nyuma yake Mkunga, na nyuma ya Mkunga, Chiriku.

Alikuwa amekonda. Aliitikia salamu yangu kwa kichwa. Alikaa kwenye ncha ya kochi kama watu wanavyokaa wakisubiri kuitwa kwa daktari, mkoba mapajani, mikono miwili juu yake. Msusi aliongea, Mkunga aliongea, mdogo wangu alipitisha maandazi. Chiriku aliangalia ukuta.

Nilimwona akisoma. Midomo yake ilicheza kidogo. Akarudia.

"Nani amekusahihishia?" aliuliza.

Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya mwaka mzima. Msusi alilirudisha andazi sahanini.

"Fundi," nilisema. "Niliandika wandani. Akaona nimekosea."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimfokea."

"Mimi sikukufokea."

"Hukunifokea."

Aliupapasa mkoba. "Mstari wa mwisho wa karatasi yangu unaukumbuka?"

"Naukumbuka." Nilikuwa nimeusoma kichwani usiku baada ya usiku. "Mama, taa yetu, umezima."

"Wewe ukaandika nini?"

"Imezima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu taa imezima. Taa haiwezi ku..."

"Mimi nilikuwa nasema na mama," Chiriku alisema. "Wewe ukasema na taa."

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulikuwa umejaa maneno. Nilitaka kusema kwamba ile koma ya pili haikuonekana vizuri. Nilitaka kusema mwandiko ulikuwa wa haraka, na kwamba zile alama sita nyingine zilikuwa za haki kabisa. Yote yalikuwa kweli, na yote nikayameza, nikayasikia yakishuka kama kidonge kisicho na maji.

"Umezima ni sahihi," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Sikusikia."

Alikuwa amesikia. "Umezima ni sahihi. Haikuhitaji kalamu. Hata ingekuwa na kosa, haikuhitaji kalamu yangu."

Na hapo pini ya kulia ikachomoka. Kona ya kitambaa ikaanguka mbele taratibu, na nusu ya doa ikatokeza, kahawia, pana, mbele ya wageni wangu. Magoti yangu yalishanyanyuka. Mkunga alinitazama, jicho moja tu, lile analowatazamia wanaotaka kusukuma kabla ya wakati. Nikakaa. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, na kila mshipa mwilini ulinisihi niinuke nikairudishe kona ile.

Chiriku alilitazama doa kwa muda mrefu. Kisha akautoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni kando ya miguu yake.

"Chai iko wapi?" alisema, bila kucheka. "Au nayo mpaka isahihishwe?"

Mdogo wangu alikimbilia jikoni. Ukutani kona iliyoanguka ilikuwa imejikunja juu ya neno la mwisho, yakabaki mawili tu, moja likiwa na tundu: KARIBUNI NDANI.